Kidole cha msimu wa korosho

Ilikuwa Novemba, asubuhi, malori yamejipanga nje ya ghala mpaka barabarani na mzani haujapumzika tangu milango ifunguliwe. Ndani, kwenye meza ya kupokelea mzigo, mama mmoja karani, mtu mzima wa kumwamkia, anajaribu kulogini kwenye kompyuta. Anaweka dole gumba kwenye kisomaji, taa nyekundu. Anakifuta kidole kwenye kitenge, anaweka tena, nyekundu. Anahamia cha shahada, nyekundu. Mkulima mwenye magunia anauliza kwa upole, "Mama, mtandao tena?" na yeye anamjibu hapana baba, ni vidole vyangu.

Ni vidole vyangu.

Mfumo ule tumeuunda mimi na wenzangu. Nikasogea, nikampa shikamoo, akanigeuzia viganja nivione. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, ngozi imebabuka sehemu na sehemu nyingine imekakamaa ikang'aa, mistari huioni hata ukiinamia. Akaniambia, "Mwanangu, jioni tunabangua nyumbani. Msimu ukiisha vinarudi."

Hiyo "vinarudi" imenikaa kichwani wiki zote hizi, nikila ninayo, nikiandika programu ninayo, na nimeona niiandike tu.

Walichokuwa wanataka

Waliotuita hawakuwa na nia mbaya hata kidogo, naomba hilo lieleweke mapema. Ghala la korosho huku kusini, kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, linaishi kwa maandishi: kilo ngapi zimeingia, daraja gani, za chama gani cha msingi cha ushirika, nani kaziandika. Kilo zikipishana na za chama cha msingi, mkulima ndiye anayesubiri hela yake huku wakubwa wakibishana, na karani ndiye anayeitwa ofisini.

Na makarani walikuwa wanagawana paswedi. Sio kwa wizi. Mmoja kaenda kula, lori liko mlangoni, dereva anapiga honi, basi anapiga simu "ingia na ya kwangu," yameisha. Paswedi nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya maka chini ya kibodi. Siku hesabu zikigoma logi, ile kumbukumbu ya nani kaingia saa ngapi, inamtaja mtu, mtu anaapa hakuwepo, na mara nyingi anasema kweli.

Kidole kinamaliza hiyo habari. Huwezi kumwachia mwenzio kidole halafu ukaenda kula.

Ila bosi wa ghala alitaka zaidi. Alitaka paswedi ipotee kabisa kwenye skrini, kibaki kidole peke yake. Na inawezekana: tangu Windows Vista, kila njia ya kuingia ni kigae kimoja kwenye skrini ya kulogini, msanidi anaruhusiwa kuandika kigae chake, na kuna kipande kingine cha programu, kichujio, ambacho kazi yake ni kuficha vigae vya wengine. Kigae chetu tulishakiandika. Kichujio kilikuwa kwenye orodha ya awamu ya pili.

Kwa hiyo Novemba ile mama aliingia kwa paswedi, akapokea mzigo, siku ikaenda. Kichujio kingekuwa kimewashwa angekaa nje ya mfumo mpaka mtu wa IT apatikane, na mtu wa IT alikuwa wilaya nyingine.

Kidole hakisemi ndiyo

Paswedi ni kitu rahisi. Unaandika herufi, kompyuta inazipitisha kwenye hesabu ya upande mmoja, isiyorudishika nyuma, inalinganisha jibu na lililohifadhiwa, zikilingana umeingia, herufi moja ikikosewa hujaingia. Hakuna "karibu sawa".

Kidole kila ukikiweka kinakuja kivingine. Umekandamiza zaidi, kimeteleza kushoto, kina jasho, kimekauka, kina chale mpya. Programu inatafuta sehemu mistari inapoishia na inapogawanyika mara mbili, inapima zilivyokaa na zilivyoelekea, inalinganisha na zile za siku ya usajili, halafu inatoa alama, kama za mtihani. Alama tu. Ni kama kumtambua mtu kwa sauti kwenye simu yenye kelele, unasema "huyu ni shangazi" kwa sababu inatosha kufanana. Sasa nani kasema inatosha? Mwenye mfumo. Kuna namba mahali fulani kwenye mipangilio, juu yake unapita, chini yake taa nyekundu, na hiyo namba kaiweka binadamu.

Ukiipandisha, wageni hawapiti lakini wenyeji nao wanakataliwa. Ukiishusha, wenyeji wanapita na siku moja mgeni anapita nao. Hakuna pa kuiweka ukapata vyote, haijalishi umenunua kifaa cha bei gani. Apple wenyewe wanasema kwa Touch ID uwezekano wa kidole cha mtu mwingine kukubaliwa ni 1 kati ya 50,000 kwa kila kidole kilichosajiliwa, na ukisajili vitano inakuwa 1 kati ya 10,000, na hapo tunaongelea kifaa cha mtu mmoja.

Meza ya ghala sio kifaa cha mtu mmoja. Fanya makarani 40, kila mmoja vidole viwili, hivyo ni vidole 80 kwenye kumbukumbu. Kama mfumo unamruhusu mtu aweke kidole tu bila kusema yeye ni nani, basi kila mguso unalinganishwa na vyote 80. Kwa kiwango cha kukosea 1 kati ya 10,000 kwa kila ulinganisho, mguso mmoja wa mtu asiyesajiliwa una nafasi kama 1 kati ya 125 ya kufungua kwa jina la mtu. Hesabu hii nimeifanya mbele ya bosi kwenye karatasi, na nadhani ndiyo iliyomnyamazisha zaidi ya maneno yangu yote.

"Shusha kidogo tu"

Maana bosi alikuwa ameshanipa suluhisho lake. "Kwani ukishusha kidogo tu, kwa huyu mama peke yake, kuna ubaya gani? Tunamfahamu."

Nilishindwa kumjibu hapo hapo. Kiufundi inafanyika, mifumo mingine inakuruhusu kuweka ile namba, kiwango cha kupita, tofauti kwa kila mtumiaji, dakika chache imekwisha, mama anaingia, foleni inatembea. Na moyo wangu ulikuwa upande huo kabisa, mtu mzima amesimama anafuta vidole mbele za watu.

Nikaondoka na hilo swali, likanisumbua njia nzima kurudi Mtwara mjini.

Kilichonigeuza ni kufikiria logi. Kiwango kile tunakiita ulinzi wa ghala, ila kinamlinda nani hasa? Logi ikisema mama fulani kaingiza kilo hizi saa nne na robo, yeye ndiye atakayeulizwa. Nikishusha kiwango chake, nimerahisisha mtu mwingine kuingia akiwa yeye, na zamani alikuwa na pa kujitetea, angesema paswedi ilikuwa inajulikana na kila mtu. Kwa kidole nani atamsikiliza? Bosi atasema kidole hakidanganyi. Polisi watasema kidole hakidanganyi. Yaani huruma yangu ingemweka pabaya kuliko ile taa nyekundu.

Akikataliwa anachelewa. Akifananishwa anafungwa.

Baada ya hapo sikurudi tena kwenye habari ya kushusha.

Tulichofanya kwanza ni kubadili mpangilio wa skrini: karani anagusa jina lake kwanza, ndipo anaweka kidole. Hapo mfumo unalinganisha na vidole vyake viwili badala ya 80, hatari inapungua sana bila kugusa kiwango. Bosi hakuipenda, alisema inaonekana ya kizamani, watu wanataka kugusa mara moja tu. Akakubali baadaye.

Lakini kwa yule mama haikusaidia. Tulipima ubora wa picha ya kidole chake kwa NFIQ, kipimo cha NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kinachotoa daraja 1 mpaka 5, 1 ndiyo safi. Picha zake za Julai, alipojisajili, zilikuwa nzuri. Za Novemba zilikuwa 5. Hakuna mistari ya kulinganisha, ni ukungu mtupu, na programu haiwezi kukitafuta kitu ambacho hakipo.

Mafuta ya ganda

Ambaye hajawahi kubangua kwa mkono pengine hajui. Ganda la korosho lina mafuta makali, yana asidi, yakikugusa yanababua na kuacha weusi ambao sabuni haiutoi. Wabanguaji hupaka mafuta mengine au majivu kujikinga, wenye glovu wanavaa, ila glovu zinapunguza kasi na wengi wanalipwa kwa kilo. Msimu wote ngozi ya juu inaungua na kuchubuka.

Na kweli vinarudi, mama hakukosea. Mistari ya vidole hujichora mtoto akiwa bado tumboni, na mzizi wake uko kwenye ngozi ya ndani, kwa hiyo ya juu ikiungua, mpya inaota na mchoro ule ule, isipokuwa jeraha likizama sana likaacha kovu. Kwa maana hiyo yeye sio mtu asiye na alama za vidole. Anazo, hazionekani miezi ambayo ghala linamhitaji zaidi.

Sikuwahi kusoma mahali popote mfumo uliobuniwa kwa kidole chenye msimu. Nyaraka nilizosoma zote zinagawa watu mafungu mawili, wanaosomeka na wasiosomeka. Wakati mafundi saruji, wachimbaji, manesi wanaonawa dawa siku nzima, dada wa kufua, wote hawa wanasomeka leo na kesho hapana. Yule mama alinisimulia hata kusajili laini ya simu kwa kidole, ile miezi ya kuelekea siku ya mwisho, Januari 20, 2020, alirudishwa, wakala akamwambia aende akapumzishe mikono. Akapumzishe wapi, msimu umechanganya.

Kinachoniumiza ni kwamba teknolojia hii tangu mwanzo ilijaribiwa kwa watu waliotawaliwa. Bengal mwaka 1858 afisa wa Kiingereza William Herschel alimwekesha mkandarasi Rajyadhar Konai alama ya kiganja kizima kwenye mkataba, ili asije akaukana. Kenya sheria ya mwaka 1915, iliyokuja kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanaume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, kwenye kikopo cha bati shingoni, ili kibarua aliyetoroka shamba akamatwe. Vidole vilichukuliwa kwa wenye mikono migumu kwa sababu hawakuaminiwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye ni wao tena wanaoambiwa vidole vyao ni vibovu.

Kinachokaa chini ya kidole

Kuna jambo wateja wengi hawalijui na nadhani tunakosea kutowaambia. Ukiandika kigae chako cha kidole kwenye kompyuta ya kawaida, mwisho wa safari bado lazima uipe Windows kitu inachokikubali, na kwenye mashine nyingi ndogo kitu hicho ni paswedi. Kidole kikikubaliwa, programu inaitoa paswedi ilikoificha na kuikabidhi kimyakimya. Paswedi haijafa. Imehamia chini ya kapeti.

Na hapo ndipo watu wameshaumia. Mwaka 2012 kampuni ya usalama wa kompyuta Elcomsoft walionyesha kwamba programu ya UPEK Protector Suite, iliyokuja ndani ya laptop za kampuni kubwa kibao, ilikuwa inatunza paswedi za Windows kwenye rejista, mahali Windows inapotunza mipangilio yake, zikiwa zimevurugwa kidogo tu, mwenye kompyuta mkononi anazisoma. Mtu alinunua kisomaji cha vidole ajilinde, akawa amepunguza ulinzi aliokuwa nao.

Mwaka 2023 watafiti wa usalama wa Blackwing Intelligence, kwa kuombwa na Microsoft wenyewe, wakapita Windows Hello, njia ya Windows ya kuingia kwa kidole au uso, kwenye mashine tatu, Dell, Lenovo na Surface. Hawakughushi kidole cha mtu. Walishambulia mazungumzo kati ya kisomaji na kompyuta, wakaifanya kompyuta iamini kisomaji kimesema "ndiye". Microsoft walikuwa na itifaki ya kulinda mazungumzo hayo, inaitwa SDCP, na kwenye mashine mbili kati ya tatu ilikuwa haijawashwa.

Ukitumia Linux umekutana na upande mwingine wa jambo hili hili. Unalogini kwa kidole, desktop inafunguka, halafu kinatokea kidirisha cha GNOME Keyring, sanduku la kutunzia paswedi zako, kinaomba paswedi. Watu wanakilalamikia miaka na miaka kama hitilafu. Mimi nakiona ndicho kinachosema ukweli kuliko vyote: funguo zako zimefungwa kwa paswedi, kidole kimetoa alama ya kufanana tu, na alama ya kufanana haiwezi kufungua kitu kilichofungwa kwa hesabu. Windows nao hawakuruhusu usajili kidole kwenye Hello kabla hujaweka PIN. Zamani nilidhani ni usumbufu tu. Siku hizi naona waliokaa na tatizo hili muda mrefu wote waliishia pale pale, kwamba chini ya kidole kuna siri nyingine, na siri hiyo lazima iwe na njia yake ya kuitumia.

Kwetu paswedi ya chini tumeifanya ndefu, ya kubahatisha, hakuna binadamu anayeijua, imefungwa na TPM, chipu ya kutunzia siri, ya mashine hiyo hiyo. Vidole havitoki kwenye kompyuta ya ghala kwenda seva yoyote. Bosi alitaka seva moja mjini ili karani akihamishwa ghala asisajiliwe upya, nikamtajia OPM, ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani, ambayo mwaka 2015 ilitangaza alama za vidole za watu milioni 5.6 zimeibiwa. Paswedi ikiibiwa unabadilisha. Kuhamisha karani ni usajili wa dakika chache, acha usajiliwe.

Mlango wa pili

Basi ikabaki yule mama na Novemba yake.

Wazo langu la kwanza nililipenda sana. Karani asiyesomeka aweke PIN, halafu mwenzake aweke kidole kuthibitisha ni yeye. Shahidi, kama tunavyofanya tangu zamani mtu akiweka dole gumba kwenye karatasi, nguvu ya karatasi iko kwa waliokuwepo. PIN haitagawanwa maana shahidi kaacha jina lake. Niliichora, nikaanza kuiandika.

Halafu nikaenda kukaa pale mezani asubuhi moja kuangalia kazi inavyokwenda. Wenzake wote ni vijana, wengine umri wa wanawe. Nikawaona wanavyochelewa, wanavyotoka nje na simu, na nikapata picha ya mama anaita "njoo mwanangu uniwekee kidole" kila mara skrini ikijifunga, msimu mzima, mbele ya wakulima wanaomheshimu. Kijana akikasirika naye siku hiyo anakawia makusudi.

Nikaifuta.

Tulichokubaliana mwisho ni hiki. Kichujio hakiandikwi. Skrini ina vigae viwili vyenye ukubwa sawa, kidole na PIN, na PIN haijafichwa nyuma ya maandishi madogo ya "njia nyingine" ambayo hutokea ukishashindwa mara tatu. Karani yeyote anachagua yoyote, siku yoyote, hata mwenye vidole safi. PIN ni ya mashine ile na jina lile, ukibahatisha mara kadhaa inajifunga. Logi inaandika njia iliyotumika.

Tulibishana kuhusu ripoti. Bosi alitaka walioingia kwa PIN watokee kwa rangi nyekundu kwenye ripoti ya siku. Nilimwambia ukifanya hivyo umemtangaza mama kuwa mshukiwa kila siku ya msimu, na vijana watajifunza haraka kwamba PIN ni ya wenye makosa. Tulivutana sana. Ripoti sasa inaonyesha njia kwa maandishi ya kawaida, na kinachopewa rangi ni jina la mtu mmoja kuingia kwa PIN kwenye meza mbili kwa wakati mmoja, maana hapo kweli kuna jambo.

Je, PIN zitagawanwa kama paswedi? Baadhi, ndiyo, sitadanganya. Ila mtu mwenye kidole kinachofanya kazi hana sababu kubwa ya kumpa mwenzie PIN, na ghala lina watu wachache wa aina ya mama kiasi kwamba msimamizi anaweza kuwaangalia kwa macho. Nimemuuliza mama mwenyewe kama ataitoa. Akasema, "Hiyo ndiyo itakayonitetea, nimpe nani?"

Bado hili moja

Kuna uwezo kwenye programu ambao nimeuzima na sijui kama niuwashe. Kila kidole kikikubaliwa, mfumo unaweza kujifunza kidogo kidogo, unachanganya picha mpya na ya usajili, kwa hiyo ngozi ikibadilika taratibu kuanzia Oktoba mfumo unabadilika nayo. Kwa mama huenda ukampa wiki kadhaa za kuingia kwa kidole kabla mistari haijapotea. Ubaya wake, mgeni akipita mara moja kwa bahati, kipande cha kidole chake kinaingia kwenye kumbukumbu ya mama na mara ya pili anapita kirahisi zaidi, ya tatu zaidi, na hakuna anayejua.

Nafikiria kuuwasha kwenye meza moja tu, kwa makarani waliokubali wenyewe, na usajili wa Julai ukihifadhiwa pembeni ili kila mwezi tupime umesogea kiasi gani na kuelekea wapi. Kama umewahi kuendesha kitu kama hiki kiwanda cha saruji, mgodini au hospitali, niambie kumbukumbu zilisogea kiasi gani kabla hujaanza kuogopa.